Nani Humpa Shujaa Cheti?

Kwenye vibanda vya video, Pwani na bara, kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: staringi hafi. Risasi zampita, nyumba yamporomokea, gari larukia baharini na yeye ndani, lakini mwisho wa muvi atatoka kwenye moshi akijipangusa vumbi. DJ Afro, kwa ile sauti yake inayopanda juu ya sauti ya filamu yenyewe, amekilea kizazi kizima katika imani hiyo.

Sasa chukua *Gen V*. Sehemu ya kwanza haijaisha na staringi kashakufa. Luke Riordan, jina la jukwaani Golden Boy, ndiye namba moja wa chuo kizima, mrembo, mpole, kila mlango uko wazi mbele yake. Ghafla anamchoma profesa wake hadi kufa, anapigana na wenzake uwanjani, kisha anapaa angani na kujilipua. Wewe ndo kwanza umekaa kitako. Na jambo la kutisha zaidi ya mlipuko ni kwamba kesho yake masomo yanaendelea. Chuo kinatafuta tu sura nyingine ya kuweka kwenye bango.

Tamthilia hii ilianza kuonyeshwa Prime Video mwezi wa Septemba 2023, na msimu wa pili ukafuata Septemba 2025. Huku kwetu wengi hawakulipia chochote. Waliwekewa kwenye flashi dukani, wakaitazama usiku kwa simu, watatu kichwa kwa kichwa. Haidhuru. Ninachotaka kusema ni kwamba *Gen V*, pamoja na damu yake yote na matusi yake yote, ilikaribia kusema ukweli kuhusu chuo kikuu kuliko tamthilia yoyote ninayoijua. Halafu ikauogopa ukweli huo, ikatimua mbio. Na sisi watu wa Pwani tuna hadithi ya zamani ambayo haikukimbia.

Kwa asiyeiona: Godolkin ni chuo kikuu cha Marekani cha vijana wenye nguvu za ajabu. Kina kitivo cha kupambana na uhalifu na kitivo cha sanaa za maonyesho. Ukiingia cha kwanza, unaota kupewa mji wa kulinda. Ukiingia cha pili, unaota matangazo ya biashara na wafuasi mitandaoni. Juu ya wote kuna orodha ya kumi bora, inayopanda na kushuka kama bei ya nyanya Marikiti. Nyuma ya chuo iko kampuni ya Vought, ambayo biashara yake ni kutengeneza mashujaa na kuwauza. Kwa sababu nguvu hizi si za kuzaliwa. Ni dawa, inaitwa Compound V, na watoto hawa walidungwa wakiwa wachanga baada ya wazazi wao kukubaliana na kampuni. Chini ya chuo kuna maabara ya siri inayoitwa The Woods, ambako vijana wengine wamefungwa na wanapimwa kama panya.

Anayetuongoza ndani ya haya yote ni Marie Moreau, msichana anayeweza kuiamuru damu. Mara ya kwanza nguvu zake kujitokeza, aliwaua wazazi wake bila kukusudia. Amelelewa kwenye taasisi, hana baba, hana mama, dadake hataki kumwona. Chuo ndicho mlango wake wa pekee. Wiki hiyohiyo ya kufika, anatoka usiku na wanafunzi wakubwa. Kilabuni, Andre, ambaye babake ni shujaa mwenye jina, anafanya mchezo wa kujionyesha na msichana mmoja anakatwa shingo. Wenzake wanatoka shoti. Marie anabaki, anaizuia damu isimwagike, anamwokoa yule msichana. Asubuhi, anayefukuzwa chuo ni nani? Ni Marie.

Sidhani kuna mwanafunzi wa Kenya anayehitaji kufafanuliwa hapo.

Baada ya Golden Boy kufa mambo yanageuzwa. Jordan Li ndiye aliyepambana naye kwa mikono yake, lakini Jordan hubadilika mwili, mara mwanamume mara mwanamke, na wapima soko wanaona sura hiyo ni vigumu kuiuza. Sifa anapewa Marie. Hakuziomba, na hazikatai pia, maanake akizikataa anarudi kwenye taasisi. Hapa waandishi wamefanya kazi safi sana. Hawatuonyeshi msichana mbaya. Wanatuonyesha msichana mwenye njaa aliyewekewa sahani ya mtu mwingine mbele yake, mlango umefungwa, na kila mtu anatabasamu akimwambia kula.

Halafu kuna Emma, mwenziwe wa chumbani. Nguvu ya Emma ni kupungua awe mdogo kama kidole, na ili apungue lazima ajitapishe. Mamake anajua. Mamake anachotaka ni kipindi cha runinga. Ninaiheshimu tamthilia hii kwa Emma kuliko kwa milipuko yake yote. Tumezoea kuona nguvu za ajabu kama zawadi. Hapa ni kazi inayokula mwili wa anayeifanya, huku waliokaa kando wakihesabu watazamaji. Ukimaliza kuangalia sehemu hizo, utawatazama kwa jicho jingine wasichana wa mtaani kwako wanaocheka kwenye simu kuanzia asubuhi hadi usiku kwa sababu ndiyo kazi waliyoipata.

Mwisho wa msimu wa kwanza, wafungwa wa maabara wanaachiliwa na mauaji yanatokea chuoni. Marie, Jordan, Emma na Andre wanajaribu kuyazuia. Kwenye habari wanatangazwa wao ndio wauaji, na walioanzisha vurugu wanatajwa kuwa walinzi wa chuo. Picha ya mwisho ni hao wanne ndani ya chumba kisicho na mlango. Huo ndio mwisho bora kabisa ambao hadithi ya namna hii imewahi kupata. Unasema wazi kwamba Godolkin haifundishi ushujaa. Inatoa cheti cha ushujaa, na cheti kinaweza kuandikwa jina lolote.

Kwetu huku orodha ya kumi bora hatujaiita hivyo, lakini tunaijua. Ukimaliza kidato cha nne unapewa gredi ambayo jirani, shangazi na muuza mahamri wote wataiulizia. Gredi inaamua kama utaitwa chuo kikuu na utasomea nini. Kuanzia 2023, ukishaitwa, unawekwa kwenye bendi: serikali ilileta mfumo mpya wa ufadhili unaowapanga wanafunzi katika bendi tano kulingana na uwezo wa familia zao, na bendi yako ndiyo inayosema utalipa kiasi gani. Kijana ambaye babake ni kibarua wa bandarini anajikuta akilazimika kuuthibitisha umaskini wake kwenye fomu, tena kwa ushahidi. Marie angeielewa fomu hiyo.

Mimi mwenyewe niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza. Silitaji hilo ili nihurumiwe. Nalitaja kwa sababu linabadilisha namna mtu anavyoitazama hadithi ya chuo. Aliyemaliza huuliza kama wahusika watafaulu. Aliyetoka njiani huuliza swali jingine: ile nguvu niliyoingia nayo, je, niliwaachia kule getini au bado ninayo?

Ndiyo maana msimu wa pili uliniudhi. Ulikuwa na kila nafasi. Andre hayuko tena, kwa sababu Chance Perdomo aliyemwigiza alifariki katika ajali ya pikipiki Machi 2024, na waandishi walimwomboleza kwa adabu badala ya kumtafuta mwigizaji wa kuziba pengo. Kuna mkuu mpya wa chuo, Cipher, anayeigizwa na Hamish Linklater kwa upole wa kuogofya. Lakini swali lenyewe limeuawa. Tunaambiwa kwamba Marie si mmoja wa mamia ya watoto waliouzwa. Eti ni mtoto wa mradi maalumu, aliyetengenezwa kwa siri, wa kipekee tangu tumboni. Yaani msimu mzima wa kwanza umetuambia kwamba orodha ni uongo, kisha wa pili unatuambia kwamba orodha ilikuwa kweli, ila tu ilikosea namba ya Marie. Anastahili kuwa wa kwanza. Tuliobaki, tukae chini tupige makofi.

Pengine ilikuwa lazima. Prime Video ni mali ya Amazon, na kampuni kubwa inaweza kutuuzia hadithi ya ubaya wa kampuni kubwa mpaka mahali fulani tu. Lakini sitaki kumaliza hoja na kampuni. Tatizo ni la zamani zaidi, limo ndani ya hadithi zote za shule ya mashujaa.

Tazama *My Hero Academia* ya Kohei Horikoshi, manga iliyoanza 2014 na kumalizika Agosti 2024, ambayo kwa vijana wengi wa hapa ndiyo anime ya kwanza waliyoifuata mpaka mwisho. Katika dunia yake, watu wanane kati ya kumi huzaliwa na kipawa fulani. Ila kuwa na kipawa si ruhusa ya kukitumia. Ili umwokoe mtu kihalali unahitaji leseni, na njia ya leseni inapitia shuleni, kwenye mitihani, kwenye majaribio hadharani. Midoriya anazaliwa bila kipawa, analia, anajituma, na mwishowe shujaa mkubwa kuliko wote anamchagua na kumrithisha nguvu zake. Ni hadithi yenye moyo mzuri, na sitasema vinginevyo. Lakini angalia kinachotokea: mtoto asiye na kitu anatuliza roho zetu kwa sababu mwenye kitu alimwona. Je, wale ambao hawakuonwa?

Huyo yumo katika tawi la hadithi hiyohiyo linaloitwa *Vigilantes*, lililoandikwa na Hideyuki Furuhashi na kuchorwa na Betten Court, ambalo lilifanywa anime mwaka 2025. Koichi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, chuo cha kawaida tu. Kipawa chake ni kuteleza juu ya ardhi, na ili ateleze vizuri inabidi ashike chini kwa miguu na mikono, kama mtoto anayetambaa. Alitaka kuingia shule ya mashujaa. Siku ya mtihani alisimama njiani kumwokoa msichana aliyekuwa akizama, akachelewa, mtihani ukampita. Yaani alikosa nafasi ya kufundishwa ushujaa kwa sababu alikuwa akiufanya.

Ningependa watu waitafute hadithi ya Koichi kabla ya kuitafuta ya Midoriya. Usiku huvaa sweta yenye kofia, huokota taka, huwaelekeza waliopotea, huwatenganisha walevi. Kisheria ni mkosaji. Kila anapomsaidia mtu anavunja sheria, na hadithi haimcheki. Inauliza tu, kwa upole, nani amepoteza: yeye aliyekosa leseni, au leseni iliyomkosa yeye.

Kuna mara moja ambapo shule ya mashujaa ilikuja mpaka Kenya kutafuta mwanafunzi. Mwaka 1975, katika *Giant-Size X-Men* namba moja, Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walimleta Storm kwa mara ya kwanza. Profesa Xavier anamkuta Kenya, akiwanyeshea mvua watu wenye ukame, nao wanamwabudu. Profesa anamwambia kwamba yeye si mungu, ni mtu mwenye kipawa, na kwamba dunia pana inamhitaji. Storm anakubali, anaenda Marekani, anakuwa mmoja wa mashujaa wanaopendwa zaidi katika katuni. Sisi Wakenya tunalitaja jambo hilo kwa fahari. Mimi pia. Lakini tangu nilipoisoma hadithi hiyo, ninawafikiria wale waliokuwa wakipata mvua. Profesa hakuwauliza. Kitabu hakikurudi nyuma kuwauliza. Kwa hadithi hizi, nguvu iliyobaki kijijini ni nguvu inayopotea bure. Lazima isajiliwe mahali.

Na ukitoka hapo kurudi kwetu, neno lenyewe lina jambo la kukwambia. Sisi leo tukisema chuo twamaanisha jengo, geti, karo. Lakini katika Kiswahili cha zamani cha Pwani chuo ni kitabu, na pia ni mahali mtoto alipokwenda kusoma Kurani. Utendi wa Tambuka alioutunga Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728 una jina jingine, *Chuo cha Herekali*. Ni kitabu cha vita, kimejaa mashujaa. Kwa hivyo ungemwambia mzee wa Kibokoni wa enzi hizo kwamba wewe waenda kutafuta chuo cha mashujaa, asingekuuliza karo ni ngapi. Angekuuliza nani atakisoma kwa sauti, na watu watakaa baraza gani.

Katika vyuo vya namna hiyo, kilicho karibu zaidi na *Gen V* ni Utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale zaidi. Liyongo ana nguvu za ajabu kwa kipimo chochote. Mshale haumwui, mkuki haumwui. Safari ya siku nne huimaliza kwa siku moja. Mkoba wake ukimwagwa, vyombo vyake vyajaza nyumba. Sultani wa Pate anamwogopa, na hofu hiyo ndiyo mwanzo wa kila kitu. Sultani anapanga na watu wa msituni wamwalike wakaangue makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu, na zamu yake ikifika wamfume akiwa juu. Zamu yake inafika. Liyongo hapandi. Anachukua upinde, anayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Nisingemwambia mwandishi yeyote wa Marekani abadilishe chochote hapo.

Wafuatilie waliomzunguka sasa. Waoromo waliomwona walistaajabu hadi wakamwoza binti yao, wakitaka wapate mbegu yake. Walitaka kile ambacho Vought inakitaka: nguvu ile izalishwe, iwe yao. Mbegu ikapatikana, mtoto wa kiume. Huyo mtoto ndiye Sultani anayemwita baadaye, anamwahidi cheo na binti wa kuoa, alimradi aijue siri ya kifo cha babake. Mtoto anauliza. Liyongo anahisi kwamba mwanawe ametumwa, na bado anamwambia: ni sindano ya shaba, kitovuni. Mtoto anakwenda, anarudi na sindano, anaogopa, anajaribu tena, na mwisho anamdunga babake akiwa amelala. Binti hakuozwa. Cheo hakukipata.

Katika *Gen V* wazazi wanawauza watoto. Katika utendi mtoto anamuuza mzazi. Hadithi zote mbili zinajua kwamba mwenye dola au mwenye kampuni hana haja ya kupigana na mwenye nguvu. Inatosha apate mtu mmoja wa nyumbani mwenye shida, kisha amwandikie ahadi. Kwa hiyo nikisema hadithi yetu haikukimbia, simaanishi kwamba ni hadithi ya faraja. Staringi anakufa. Anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, mshale umetegwa, na watu hawajui kama amekufa. Kwa siku kadhaa hakuna anayethubutu kuteka maji. Mji una kiu kwa hofu ya maiti.

Lakini kuna jambo ambalo Godolkin haina na utendi unalo. Kabla ya kifo, Sultani alimfunga Liyongo gerezani kwa minyororo, akasubiri kumwua. Nguvu zake zote hazikuikata minyororo ile. Iliyoikata ni tupa. Alimtumia mamake ujumbe kwa njia ya shairi, kupitia kijakazi aitwaye Saada, kwamba aoke mikate mizuri na mkate mmoja wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa afiche tupa. Walinzi walikula mizuri, wakamtupia mfungwa makapi. Kisha akaomba, kama ombi la mwisho, apigiwe gungu. Watu wakaja na ngoma zao na matari yao, wakaimba na kuitikia, na chini ya kelele hiyo yeye akawa anakata chuma. Hapo ndipo pana ushujaa kwangu, na si mmoja. Ni mama aliyeoka, Saada aliyebeba, wapigaji waliopiga, na fundi mashairi aliyejua kwamba mlinzi hali wishwa. Ukiondoa mtu mmoja katika hao, Liyongo anakufa ndani na hatuna utendi.

Utendi nao si msafi, na sipendi tuusome kama kitabu cha maadili. Saada anatembea kati ya nyumba na gereza kila siku, anapekuliwa, anadharauliwa, anabeba siri ambayo ingemgharimu roho yake, kisha hadithi inamwacha njiani. Hana utendi wake. Sifa alipewa mwingine, kama Jordan Li. Natamani mwanafunzi mmoja, au asiye mwanafunzi, akae aandike usiku ule kwa jicho la Saada.

Lakini sisi tumemfanyaje Liyongo? Tumemtia kwenye mtihani. Kila aliyesoma fasihi simulizi sekondari anajua swali: eleza sifa za shujaa wa mighani. Unaandika: ana nguvu zisizo za kawaida, huwa na siri ya kifo chake, husalitiwa na mtu wa karibu. Alama moja, moja, moja. Hakuna anayekuuliza kuhusu mkate. Hivyo mtu aliyefia kisimani kwa kukataa kuwa mali ya Sultani amegeuka njia ya kupata gredi, na gredi ni njia ya kupata bendi. Tumemsajili Godolkin, marehemu wa watu.

Anayefahamu hilo la mkate, kwa maoni yangu, ni Likarion Wainaina. Filamu yake *Supa Modo*, iliyoonyeshwa kwanza tamasha la Berlin Februari 2018, inamhusu Jo, msichana mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ambaye anapenda muvi za mashujaa kupita kiasi. Mamake anamtoa kwenye makao ya wagonjwa, anamrudisha nyumbani kijijini. Dadake, Mwix, anaamua kumfanya aamini kwamba kweli ana nguvu. Taratibu kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo. Stycie Waweru anamwigiza Jo bila kuomba machozi yetu, na hapo ndipo unapoyatoa.

Jo hana nguvu yoyote. Tena si mjinga, mwishowe anajua. Ukiitazama *Supa Modo* baada ya *Gen V*, unaona imeupindua mpango mzima. Godolkin ina vijana wenye nguvu za kweli na hakuna anayewapenda bila bei. Kijiji cha Jo kina mtoto asiye na nguvu, na watu wazima wenye shughuli zao wanaziacha ili kumbeba. Yule mama, anayeigizwa na Maryanne Nungo, anaupinga mchezo kwa muda mrefu, na ninashukuru filamu haimfanyi adui. Anaogopa kumdanganya mtoto anayekufa. Ana haki. Filamu inampa nafasi ya kuwa na haki na bado kubadilika. Kasoro yake ni kwamba mara nyingine inaremba kijiji kupita kiasi. Sote tumeishi na majirani na tunajua si wote wangekuja. Lakini staringi anakufa hapa pia, na hakuna anayemtafutia sura mpya ya kuweka kwenye bango.

Serikali yetu nayo ina orodha yake. Katiba ya 2010 iliifanya tarehe 20 Oktoba kuwa Siku ya Mashujaa, na Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya 2014 ikaunda baraza la kitaifa la kuwatambua, pamoja na vigezo. Si jambo baya. Wapo wazee waliozeeka bila hata asante, na kutajwa ni haki yao. Ila Juni 2024 vijana walijaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, Nairobi, Mombasa na kwingineko, bila kiongozi, bila orodha, bila kumi bora. Tarehe 25 waliingia Bungeni. Tarehe 26 Rais akatangaza kwamba hatautia saini muswada ule. Zaidi ya watu 30 waliuawa katika wiki hizo. Wengine walikuwa wanafunzi. Hakuna kigezo walichokuwa wamekitimiza asubuhi waliyotoka nyumbani. Wengine waliwabeba waliojeruhiwa, wakagawa maji, wakachangisha pesa za hospitali kwa simu, na majina yao hatuyajui.

Ninaposikia mtu akisema kwamba hadithi za nguvu za ajabu ni za watoto, nakumbuka siku hizo. Vijana tunazitazama kwa sababu tunajua hasa zinazungumzia nini. Zinazungumzia hofu ya mwenye kiti kwa mtu aliyeumbwa na kitu ambacho yeye hawezi kukitoa wala kukichukua. Njia yake ya kwanza siku zote ni kukupa cheti. Ya pili ni kukunyang'anya. Ya tatu, kama zote zimeshindikana, ni kumtafuta mtu wa nyumbani kwako.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Iangalie *Gen V* msimu wa kwanza, sehemu zote nane, na ukifika kwenye chumba kisicho na mlango zima simu. Msimu wa pili hauna dharura. Mtafute Koichi. *Supa Modo* itazame na mtu, usiitazame peke yako. Na Liyongo, tafadhali, usimsome kimyakimya kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Mpeleke barazani, pale Kibokoni au popote mnapokaa na wenzenu jioni, apatikane mwenye sauti aanze, wengine muitikie. Mkifika kwenye mkate wa wishwa, simameni hapo kidogo. Ulizaneni nani kati yenu angeoka, nani angebeba, na nani angepiga ngoma.